Hesabu ya Majina

Mto Nyamwamba haukubisha hodi.
Ulikuja saa tisa usiku na mawe yake,
mawe makubwa kama ng'ombe, yakigongana gizani,
na kulipokucha, pale palipokuwa na jiko langu
palikuwa na tope, na ukimya, na sufuria moja
ambayo haikuwa yangu.

Masika nilimshika kwa mkono wa kulia.
Biira nilimshika kwa wa kushoto.
Kabugho –
nina mikono miwili tu, ee Mungu,
na wewe ndiwe uliyeniumba na miwili.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yangu mwezi mzima.
Sikuwa na mengine.
Wenzangu kambini waliimba chini ya maturubai,
mimi nilichambua maharage ya msaada,
nikitupa vijiwe kimoja kimoja,
nikimwambia: hiki nacho ni chako, kichukue.

Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli
kilichotoka mgodini, enzi za babu zetu na shaba.
Kanisa lilikwenda na maji. Reli ilibaki,
imening'inia kwenye mkaratusi,
na kila Jumapili katekista Thembo aliigonga
kana kwamba bado tuna mlango wa kuingia.

Nilikwenda kumwambia aache kelele.
Nikamkuta amechutama juani
mbele ya daftari la ubatizo, limevimba kama mkate,
kila ukurasa ameuwekea jiwe usipeperuke.
"Miwani yangu imekwenda na maji," akasema.
"Nisomee, mama, nami ninakili."
Hakuniuliza habari za moyo wangu.
Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa.
Alichonga penseli kwa wembe, akangoja.

Nikasoma.
Bwambale, mwana wa Yoneki fundi viatu.
Ithungu, binti wa Erisa wa kule juu.
Wino ulikuwa umetapakaa, majina yameota ndevu.
Nikamsoma Masika wangu. Nikamsoma Biira wangu.
Kisha ulimi ukagoma.

Ng'ambo ya mto mtu alikuwa akipasua kuni.
Nililisikia shoka lake mara sita, mara saba.

"Huyu," nikasema, "hayupo."

Mzee akainua uso, macho yakinitafuta:
"Sikuuliza nani yupo, mama.
Nauliza nani ameandikwa."

Kabugho, nikasema.
Kwa sauti. Mara ya kwanza tangu usiku ule.
Akaliandika kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa shule,
akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka kwenye g.

Sisemi nilipona. Tope halikauki kwa siku moja.
Mvua ikiunguruma huko mlimani, nalala na viatu.
Bado namdai Mungu mkono wa tatu.
Ila siku hizi namdai nikiwa nimepiga magoti,
na hakuna agongaye usiku kucha
kwenye nyumba anayojua haina mwenyewe.

Mwezi wa pili nimejifungua,
hemani, kwa mwanga wa simu ya jirani.
Msichana.
Kwetu Wakonzo jina la mtoto halitafutwi, linahesabiwa,
na wanawake wakatazamana, wakaogopa kuhesabu.
Mmoja akanong'ona, kwa huruma tu, najua:
"Basi huyu ndiye wa tatu."

La, nikasema.
Huyu ni Mbambu. Mbambu, wa nne.
Wa tatu yupo mahali pake.
Aliyelala kaburini akaamka siku ya tatu
anaijua tatu,
hawezi kuiruka.

Jumapili reli ikilia nitampeleka.
Mlango bado hatuna; tutaingia hivyo hivyo.
Penseli ya Thembo imebaki fupi kama kidole gumba.
Kwa jina moja
itatosha.