Kukata Kauli

Saa tisa usiku, Hammerfest, katikati ya Desemba.
Jua tulikwisha kuagana nalo tangu Novemba.
Nikampigia daktari Sindre:
"Chumba cha nne. Torleif. Sipendi alivyonyamaza."

"Namba, Eldbjørg."

Nikamtajia: presha, mapigo, joto, oksijeni,
zote zimenyooka kama wanafunzi siku ya mkaguzi.
"Sasa umeniamshia nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa na namba.
Torleif ni dereva wa katapila la theluji.
Kila nikipita hunisimulia ile kona ya kwenda Forsøl
iliyomlia magurudumu mawili.
Usiku ule nilimwekea maji, akasema, "Asante."
Asante tu.
Hilo ningelijaza safu gani ya fomu?

"Samahani, daktari. Lala."

Ni hilo *lala* linaloniuma.
Yeye alinikata kauli;
mimi nikamshikia kisu.

Saa kumi na moja Torleif naye akakata kauli:
mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia mzito kama si wake.
Sindre akaja mbio, viatu havina kamba.
Hatukutazamana.
Tulizungumza namba tupu mpaka kulipokucha,
kama kunakucha huku.

Hakufa.

Kikafanyika kikao. Tukapewa kadi ya mistari minne
ya kusoma kabla ya kupiga simu.
Kadi nzuri, sina neno nayo, ipo mfukoni.

Lakini wiki ya tatu, usiku, nilimpigia tena
habari ya mama mmoja wa chumba cha pili.
Namba zikaisha. Nikangoja kukatwa.
Nikasikia kitanda chake kinalia, mtu anaketi.

"Na wewe unaonaje?"

Miaka ishirini na miwili ya kazi.
Nilisahau hata nilichotaka kusema.
Nikasema, "Naona anaogopa. Basi."
"Nakuja."

Hatukukuta ugonjwa mpya. Tulikunywa kahawa mbaya.
Na msidhani amekuwa malaika:
mchana bado ana ulimi wa wembe,
jana tu kamliza mwanafunzi.

Machi Torleif alirudi kutusalimu, anatembelea fimbo.
Akaanza: "Ile ba... ba..."
Sote wawili tulilijua neno.
Nilimwona Sindre anafumbua mdomo, anaufumba.
Saa ya ukutani ikala dakika nzima.

Hakuna aliyemmalizia.