Ng'ambo ya Ng'ambo

Nilidhani hapa ndiyo ng'ambo.
Miaka ishirini na miwili Milton Keynes,
tofali nyekundu, kipilefti baada ya kipilefti,
nikajua nimefika.
Kumbe safari nayo huzaa.

Mundhir wangu kakataliwa mara nne.
Barua zao zina adabu kuliko za posa:
tunasikitika, waombaji walikuwa wengi,
tunakutakia kila la heri.
Ya nne aliisoma jikoni, kasimama, anatafuna mkate,
akaumaliza,
akaosha sahani ambayo haikuwa chafu.

Sasa ni Bulgaria. Mji waitwa Plovdiv.
Nimejifunza kuutamka nikisukuma ndoo
wodi ya kumi na saba, saa tisa za usiku:
Plo-vu-divu, Plo-vu-divu,
magurudumu yananiitikia.

Watu wanauliza: kwani hapa hakuna vyuo?
Kila mmoja nampa jibu linalomtosha.
Bi Rukia namwambia ada kule nafuu.
Jirani Mzungu namwambia kijana anapenda jua;
hilo halihojiwi.
Baba yake namwambia ni kudra,
naye hunyamaza, anahesabu tena pauni kwenye simu
kana kwamba zitazaana usiku.

Simwambii mtu habari ya kemia, alama moja,
mwaka ule nilipolazwa miezi mitatu
na yeye ndiye aliyepika,
aliyewasuka dada zake nywele, vibaya, mafundo matupu,
akawawahisha shule, kisha akachelewa yake.
Kwenye fomu zao
hakuna kisanduku cha mafundo.

Na hapa ukutani pana tangazo:
Tunahitaji madaktari.
Mimi ndiye nilifutaye vumbi, kila Jumatatu.
Daktari wa zamu leo katoka Kerala,
wa jana Lagos, macho mekundu, anamtafuta mwanawe kwa video.
Wa kwao wanakuja, wangu anakwenda.
Huko juu mawinguni watapishana
wala hawatapeana mkono.

Mizani ya begi inasema kilo ishirini na tano.
Ameitoa bizari, ameliacha buku la mifupa.
Nimengoja aende kuoga,
nimeirudisha, ndani ya soksi.

Miaka sita.
Magoti yangu sijui kama yatafika.
Lakini akirudi, aanzie wodi ya kumi na saba,
aingie mbiombio kama waingiavyo wote, bila kutazama chini.
Atakuta sakafu kavu.