Jani Halikunuka Chai

Miaka kumi na tisa nachemsha chai pale Mwaloni,
saa tisa za usiku, kabla dagaa hawajapakuliwa,
wala sikuwahi kuuliza jani huota wapi.
Kwangu lilitoka dukani kwa Masalu,
ndani ya pakiti yenye picha ya kilima
nilichodhani kimechorwa tu.

Mwaka huu kikundi chetu cha upatu,
akina mama kumi na mmoja, kikaamua:
hatununui vitenge, twende tukakione kilima.
Usiku kucha melini,
Nyanzobe akitapikia ndoo ya maandazi
(tulikwisha kuyala, ashukuriwe Mungu),
na alfajiri, Bukoba,
mvua nyembamba kama imepitishwa kwenye chujio.

Kiongozi wetu, Mutashobya, alisimama gatini
na kibendera cha njano.
"Milembe," akasema, akinitazama mimi.
Nikashtuka: nani kakutajia jina langu?
Kumbe kwao ni salamu.
Miaka hamsini na miwili nimeitikia jina
na ng'ambo ya ziwa nilikuwa salamu.

Barabara ikapanda kuelekea Maruku.
Migomba ikatupisha.
Ziwa likabaki nyuma, likawa sinia, likawa kisahani,
kisha kijani kikaanza,
kimekatwa sawasawa
kama kichwa cha mtoto siku ya kufungua shule.

"Majani mawili na chipukizi," alisema Mutashobya,
"la tatu limekomaa, liache."
Nikachuma. Nikanusa.
Halikunuka chai.
Lilinuka nyasi, nyasi hizi hizi za mbuzi.
Nikaona aibu,
kama mke anayeonyeshwa picha ya utotoni ya mumewe
akauliza, huyu nani?

Kati ya mistari alikuwapo Kokubanza,
kikapu mgongoni, ncha za vidole nyeusi.
"Kikombe unauza ngapi?"
Mia tatu. Ya maziwa, mia tano.
Akahesabu kilo zake za asubuhi, midomo ikicheza,
akaanza upya, akaacha.
"Na wewe chai unakunywa?"
"Mie? Mie natafuna kahawa."

Kisha akataka kujua wanaokunywa.
Nikamtajia Mabula mpagazi,
anayedai kikombe kijae mpaka ukingoni
halafu anapuliza nusu yake chini.
Nikamtajia binti anayenawia chai ya moto
ili magamba ya sato yamtoke mikononi,
na mgambo mmoja anayekopa tangu Ramadhani.
Vidole vikasimama juu ya kichaka.
"Huyo wa deni," alisema, "mwambie mvua hainyeshi bure."

Kiwandani kelele zilitufanya mabubu.
Chekecheo zikitikisika, chai ikijigawa yenyewe,
nzito huku, nyepesi kule.
Hii inakwenda mnadani, Mombasa.
Hii pia.
"Na hili vumbi?" aliuliza Wande.
Mutashobya akakunja kibendera chake.
"Hilo, mama, huja kwenu."
Alilisema kwa adabu sana.

Tukaonjeshwa ya daraja la kwanza,
bila maziwa, bila sukari, bila tangawizi.
Ulimi ukakauka, ukajikunja.
Wenzangu wakatafuta sukari kwa macho.
Mimi nikanyamaza, nikifikiria
mambo yote niliyoyafunika kwa tangawizi.

Jani nililolichuma nililifunga pembe ya kanga.
Usiku, melini, nikafungua:
limekuwa la kahawia, limejikunyata,
na harufu imekuja,
nyembamba, ya kubisha hodi.
Sikumwamsha mtu.

Alhamisi, saa tisa, moto umeshika.
Tangawizi niliitazama, nikaiacha kwenye kapu.
Mabula akapiga funda, akachungulia kikombe.
"Mama, tangawizi imepanda bei?"
"Kunywa. Kokubanza anakusalimu."
"Kokubanza yupi?"

Alikuwa ameshaanza kupuliza.