Mwili Hakuna Aliyeuona

Jumanne Kithome alipanda ngazi zangu hapa Luthuli,
amekumbatia amplifaya kama anayembeba mgonjwa,
akaitua mezani kati ya redio bubu na rimoti zisizo na wenyewe.
Fundi, akasema huku akihema, umesikia?
Roki imekufa.
Lini?
Kitambo. Wewe tu ndiye hukuambiwa.

Basi nikauliza yaulizwayo msibani.
Iliugua nini? Nani alikuwa kando ya kitanda?
Imelazwa mochari gani, na kamati
inakutana hoteli ipi, nasi tukachange?

Kithome akakuna kidevu.
Mwili, akasema, hakuna aliyeuona.
Ila kile kipindi cha Jumamosi usiku kimeondolewa,
siku hizi redio inasoma matokeo ya kamari.
Na mwanawe, aliyemnunulia gita kwa mkopo wa sako,
anatunga midundo kwa simu,
kidole kimoja,
amelala chali.
Amplifaya hii nimgeuzie, iende kanisani Kayole,
ibebe kinanda na sauti ya mchungaji.

Nikaifungua.
Vumbi. Mende mkavu. Risasi niliyolehemu mwenyewe
mwaka ule wa El-Nino, maji yalipoingia ghorofani,
na chini yake, kwa penseli, mwandiko wa Harbans aliyenifunza kazi:
*Hapa usiguse.*

Sina ugomvi na vijana.
Midundo yao inapasua spika za magari kila wikendi
na kila Jumatatu napata karo.
Tena tuseme kweli, lini roki ilitawala mji huu?
Haikuwahi kupigwa harusini.
Hakuna shangazi aliyeinukia kuitunza noti.
Jirani yangu wa kanda za benga alikuwa akinigongea ukuta:
Wewe, hiyo ni muziki au mashine ya kusaga?
Kitu kisichokuwahi kuwa na umati
kitakufaje kwa kukosa umati?

Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga.
Hii imevuma, ikapasuka, nikaishona,
ikavuma tena vibaya zaidi,
na mimi mvi zimeniota nikiinusa moshi wake.

Fundi hujaribu kazi kabla ya kuikabidhi.
Nikaenda kuijaribu Ngara, Ijumaa,
ukumbi ulio nyuma ya gereji.
Jerotich alikuja moja kwa moja kutoka wodini,
sare ya uuguzi imekunjwa mkobani, besi begani.
Mwandawiro akafunga ngoma yake kwa kamba ya katani.
Niliwahesabu watazamaji: kumi na saba,
na wawili kati yao walikuwa wakitafuta mahali pa kutazama mpira.
Walibaki.

Wimbo wa tatu, stima ikapotea.

Ngoma haikusimama.
Jerotich aliimba gizani bila kipaza,
jambo kuhusu mgonjwa wa kitanda cha tisa
anayeulizia kila asubuhi kama mvua imenyesha Kericho.
Ilimbidi apige kelele. Koo lilikwaruza kama shoka kwenye bati.
Yule mtu wa mpira alishika kofia yake kwa mikono miwili.

Stima iliporudi, feni ziliwahi, friji ikawahi,
simu zote kwenye chaji zikalia.
Amplifaya haikuwahi. Ni ya taa za kioo, haiamki kwa kuitwa.
Tukasimama tukiikodolea macho, watu ishirini na kitu,
hakuna aliyekohoa,
mpaka zile taa nne zikaanza
polepole
rangi ya kaa la mchoma mahindi,
na Mwandawiro akainua fimbo.

Leo asubuhi Kithome amepiga simu.
Kanisa linauliza, iko tayari?
Nikamwambia kuna kipuri kimoja
hakijafika.