Fungua Kinywa

Tumemleta mama kwa ajili ya miguu.
Imevimba tangu Kwaresima; viatu vya kanisani havimwingii,
ametoka Tukuyu na ndala za Ambokile,
mvua ikimlowesha soksi.

Daktari hakuanza na miguu.
"Fungua kinywa, mama."

Akanigeukia, kama aliyeambiwa avue nguo.

Miaka sita anatafuna upande mmoja.
Ndizi zake huziponda kwa mwiko kabla hatujaketi,
mate yenye damu huyafukia majivuni alfajiri.
Tulimwona.
Tukasema: uzee huo.

Mdomo uliponza kichwa, tulifundishwa.
Figo hazikutajwa,
wala usaha wa ufizi, unavyopanda damu kama abiria asiye na tiketi
hadi kwenye chujio lililokwishachoka.

"Kipi kilitangulia, sijui," akasema daktari,
akifunga mkono wa mama kwa mpira, akitafuta mshipa.
"Ila hivi viwili hutembeleana."

Jioni, Mwanjelwa, nimenunua mswaki laini
wa rangi ya waridi; mwingine haukuwepo.
Mama ameushika kama kalamu,
mwanafunzi wa miaka sabini na mitatu,
anauliza:
naanzia wapi?