Lakini

Manyatta, saa nane usiku. Mvua ya ziwani juu ya bati.
Natuma swali. Seva iko ng'ambo, sijui nchi gani;
jibu linarudi kipande kipande,
silabi, nukta, nusu ya jina,
kama kaka yangu Ogutu na kigugumizi chake
akiomba chumvi mezani.

Zamani nilimkatiza, nikimmalizia sentensi.
Mama akanifinya paja: "Ngoja. Neno lake analo."

Sasa naandika msimbo wa kungoja:
kila kipande kikifika, kionyeshe,
usisubiri kikamilike.

Stima ikapotea.
Modemu ikafumba jicho, mkondo ukakatika
kwenye "lakini".

Kishale kinakonyeza gizani.
Kidole changu kiko juu ya kitufe,
nami sithubutu kummalizia.