Muhtasari wa Kikao cha Tawi, Kizota

Tuliohudhuria ni kumi na mmoja, idadi ya timu.
Wa akiba hatuna: Ndahani, wa kumi na mbili,
yuko mnadani Msalato na mbuzi wake wawili.
Mimi ni katibu. Daftari la tawi, wino wangu.

Ajenda moja tu:
tungekabidhiwa mpira wa nchi hii kwa msimu mmoja,
tungeutengeneza vipi?

Chedego, fundi baiskeli, akataka
mechi ya saa nane mchana ipigwe marufuku.
Jua la Dodoma mwezi wa kumi halina mwamuzi.
Juzi kipa wetu alidaka kivuli cha mpira,
mpira wenyewe ukapita pembeni, taratibu,
kama mgeni asiyetaka kuamsha wenyeji.
Nani alipanga saa nane? Televisheni.
Basi nayo ije ikae huku mzunguko,
vumbi la Kizota liijae machoni,
ndipo itwambie kama imeona goli.

Sechelela akasimama, mtoto mgongoni.
"Choo," akasema. Akakaa.
Nikauliza, niandike choo tu?
"Andika choo cha wanawake. Chenye mlango.
Mlango uwe na komeo,
komeo liwe upande wa ndani."
Wanaume wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Yaledi hamtaki mwamuzi anayetazama saa
kama abiria aliyeachwa na basi la Singida.
Dakika za nyongeza zihesabiwe kwa sauti, hadharani,
kama tunavyohesabu madebe ya uwele
mnunuzi akiwa amesimama palepale.

Likaja la mishahara.
Hapa niliandika zaidi ya yaliyosemwa, nakiri.
Beki wetu wa kushoto ana mbio, hapitwi na winga,
lakini huu mwezi wa tatu
akiliona genge la mama yangu anapitia uchochoroni,
kwa deni la unga na mafungu ya mlenda.
Mama hamdai. Humwambia tu, "Jumapili ufunge."
Beki wa kushoto, afunge!
Pendekezo: mchezaji alipwe
kabla kiongozi hajapanda ndege.

Na timu isihamishwe kama banda la kuku.
Ile ya kwanza tulilala ni yetu,
tukaamka ina jina la mkoa mwingine.
Skafu ninayo bado. Nafutia baiskeli.

Kura: kumi na moja kati ya kumi na moja.

Saa kumi na robo mwenyekiti Mwaluko
alikuwa ametazama simu mara nne.
Joto likamzidi, akashusha zipu ya koti:
ndani, nyekundu.
Kikao kizima kimya.
Nikaangalia kola ya Chedego,
njano inachungulia
kama hindi linalopasua ganda.
Mtu akakohoa. Kikohozi nacho kilikuwa na upande.
Leo wanacheza wale wawili wa Kariakoo,
na sisi, wenye timu, wenye tawi, wenye muhuri,
tulivaa nyumbani kwetu juu na ugenini ndani.
Sikuandika rangi.
Yangu pia haikuulizwa.

Kikao kikaahirishwa. Akidi ikahamia kibanda cha video,
kiingilio mia tano.

Mengineyo.
Hili naliandika peke yangu, halina kura:
lango la uwanja lifunguliwe dakika ya themanini,
watoto waingie bure, kama zamani.
Tulikuwa tunakaa nje ukutani tunasikiliza,
tunakisia goli kwa kelele,
tunabishana nani kafunga,
mpaka yule askari mwenye kigugumizi
aseme "ha-haya," na lango lilie.
Mpira niliokua nao ulikuwa na dakika kumi.
Miaka mingi sikujua kwamba una mwanzo.

Nimefunga daftari, nimerudisha benchi kwa jirani.
Kibandani nilifika dakika ya themanini.
Saa hizo hawadai kitu.